Luva haifungi, inavuja, inapasua vioo: anza na fremu

"Papa fundi, hii kioo uliniuzia ni mubaya. Ni ya tatu sasa inapasuka."

Mama mmoja wa mtaa wa Ndosho alinipokea hivyo mlangoni. Sikumjibu. Nilitoa mita nikapima upana wa dirisha lake mara tatu: juu, katikati, chini. Juu sentimita 62.4, chini 62.4, katikati 62.0. Fundi mwashi aliyepiga lipu alikuwa amesukuma sima (saruji) nyuma ya reli ya pembeni inayoshika vioo hadi ikapinda kuelekea ndani. Milimita nne tu. Vioo vya juu na vya chini vilikaa salama miaka miwili, lakini kila kioo kilichowekwa katikati kilikuwa kinabanwa kutoka pande mbili, na mtu akivuta mkono wa kufungulia dirisha kwa nguvu kinaita "tak!" Mama alikuwa amelipia kioo mara tatu, na kosa lilikuwa limelala ukutani muda wote huo.

Natengeneza luva hapa Goma, za nyumba za watu, za maduka, za madarasa. Malalamiko mengi ninayoyapokea yanaanza na neno "kioo", na mara nyingi kioo hakina kosa. Kioo hakipindi wala hakinyooki, hakivumilii fremu iliyokosea kipimo, kwa hiyo ndicho kinachoonekana kuumia. Makala haya yanafuata dalili moja baada ya nyingine ili wewe mwenye nyumba, au wewe fundi kijana, ujue pa kutazama kabla ya kutoa pesa.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Luva, au nako kama wengine wanavyoiita, ni dirisha la vipande vya vioo vinavyofunguka pamoja. Ina reli mbili zilizosimama, kushoto na kulia. Kwenye kila reli kuna vishikio, na kila kishikio kinazunguka kwenye riveti yake. Fimbo nyembamba inaunganisha vishikio vyote vya upande mmoja ili vigeuke pamoja. Kishikio kina ulimi mdogo unaokunjwa juu ya ukingo wa kioo ili kisichomoke. Reli moja ndiyo yenye mkono. Ile nyingine mimi naiita reli bubu: haina nguvu yake, inageuzwa na vioo vyenyewe. Ukivuta mkono, upande wa mkono unageuka kwanza, na vioo ndivyo vinavyokwenda kuusukuma upande wa pili. Shika hilo, maana nusu ya matatizo ninayoeleza hapa yanatoka hapo.

Kabla ya yote: vua vioo, upime

Vaa glavu. Weka alama kwenye kila kioo, namba moja kuanzia juu, ili kirudi mahali pake. Kunjua ulimi taratibu kwa koleo, mara moja tu. Ulimi wa alumini ukikunjwa na kukunjuliwa mara tatu au nne unakatika, na kishikio kisicho na ulimi hakifai tena. Vioo visimamishwe kwa ukingo wao mrefu juu ya kipande cha mbao. Usivilaze chini kwenye changarawe ya lava.

Dirisha likiwa tupu, geuza vishikio vya upande wa mkono, kisha vya upande bubu kwa kidole. Vyote vinatakiwa kwenda kwa ulaini uleule. Halafu rudisha vioo viwili tu, cha juu kabisa na cha chini kabisa, uvute mkono. Ukienda vizuri na vioo viwili, kisha ukawa mgumu vyote vikirudi, kosa ni urefu wa vioo au reli iliyopinda katikati. Ukiwa mgumu hata bila kioo, kosa ni la riveti, vumbi au rangi.

Baada ya hapo pima mambo manne.

Upana juu, katikati na chini. Tofauti ikizidi milimita 2, reli imepinda.

Mshazari kutoka kona hadi kona, mara mbili. Namba mbili zisipolingana, fremu imelala upande.

Usawa wa kishikio cha chini cha kushoto na cha kulia, kwa nivo ya maji. Mpira mwembamba unaoonyesha maji unatosha. Hauhitaji kifaa cha gharama.

Cha nne ndicho ambacho mafundi wengi hawakifanyi, nami nakililia kila siku. Funga uzi kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, na mwingine kutoka juu kulia hadi chini kushoto, ikazwe sawasawa. Pale katikati nyuzi zinatakiwa zigusane tu. Zikiachana, au moja ikiusukuma mwenzake, fremu imejipinda kama ubao uliokauka vibaya: kona moja iko nje, nyingine ndani. Mita haiwezi kukuonyesha kosa hilo, na mshazari unaweza kulingana kabisa huku fremu imejipinda.

Imefungwa, lakini mwanga unapita

Tazama mwanga umekaa wapi. Mahali ulipo ndipo penye jibu.

Kama nafasi iko upande wa reli bubu tu, na upande wa mkono umefunga vizuri, reli bubu inachelewa. Vioo vinajaribu kuisukuma, yenyewe inakataa. Ama riveti zake zimejaa vumbi au rangi, ama fremu imejipinda (rudi kwenye zile nyuzi mbili), ama reli hiyo haijasimama kwa timazi. Usitatue kwa kuvuta mkono kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo yote inapita ndani ya kioo, na siku moja kitakatika katikati.

Kama nafasi ni kama kabari juu na chini ya dirisha, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, reli moja iko juu kuliko nyingine. Nivo ya maji itakuambia kwa kiasi gani. Legeza skurubu za reli iliyokosea, ipandishe au ishushe, kaza tena. Matundu yasipokubali, toboa mengine mapya. Kupanua matundu ya zamani kunaleta reli inayocheza.

Kama nafasi iko kati ya vioo viwili tu, kishikio kimoja kimepinda. Mara nyingi ni pale mtu alipoegemea, au mtoto aliponing'inia. Badilisha kishikio hicho. Kukinyoosha kwa nyundo nimejaribu mara nyingi katika miaka yangu ya kwanza, na kila mara nilirudi kwa mteja yuleyule.

Kama nafasi ni sawa kwenye vioo vyote, kuna mawili. Kitu kinazuia mkono kufika mwisho wake: tone la sima, ncha ya skurubu, fremu ya wavu wa mbu. Au vioo ni vyembamba kwa upana kuliko vishikio vilivyotengenezwa. Hili la pili ni kosa la atelye, yaani karakana. Kioo cha sentimita 15 kwenye reli ya nafasi ya milimita 135 kinafunika cha chini yake kwa milimita 15. Ukikata kioo cha sentimita 14 ili upate kipande kimoja zaidi kwenye shiti (kioo kizima kabla ya kukatwa), kifuniko kinabaki milimita 5. Siku ya jua hakuna atakayeona. Siku ya mvua na upepo wa ziwa ataona kila mtu.

Na hapa nitaje kosa la hesabu linalozaa hayo. Mteja anakuja na urefu wa tundu la ukuta, tuseme mita 1.25, na fundi anataka vioo vijaze urefu wote kwa nguvu. Hesabu haikubali hivyo. Kioo cha kwanza kinachukua milimita 150, kila kinachofuata kinaongeza 135. Vioo nane ni 150 na 945, jumla milimita 1,095. Vioo tisa ni 1,230. Tundu la 1,250 lenye fremu juu na chini halibebi tisa. Weka nane, na nafasi inayobaki juu ijazwe kwa kioo kisichofunguka. Ukilazimisha tisa kwa kusogeza vishikio, utakuwa umetengeneza dirisha ambalo halitafunga siku hata moja.

Mkono ni mgumu

Goma ina vumbi ambalo si kama la miji mingine. Chembe zake ni lava iliyosagika, ngumu na zenye kingo. Na watu wetu, kwa nia njema, wanamimina mafuta ya gari au mawese kwenye riveti. Siku mbili mkono unateleza kama mpya. Wiki mbili baadaye mafuta yamekusanya vumbi, na mchanganyiko huo unasaga riveti kama msasa. Nimefungua reli ambazo matundu yake yalikuwa yamegeuka kuwa marefu kama yai.

Osha kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, suuza, acha ikauke, kisha paka kitu kikavu: nta ya mshumaa, au unga wa risasi ya penseli. Kwenye jiko la mgahawa au mkate, ambako mvuke wa mafuta na unga vinaganda, fanya hivyo kila mwezi kwa maji ya moto.

Sababu ya pili ni rangi. Mpaka rangi anapita na brashi yake juu ya antivoli (vyuma vya kuzuia wezi), fremu, reli na vishikio vyote bila kuchagua. Rangi ikikaukia kwenye riveti, hakuna mafuta yatakayosaidia; inakwanguliwa, tena kwa uvumilivu. Mwambie afunike reli kwa karatasi na gundi kabla hajaanza.

Sababu ya tatu ni ile ya mama wa Ndosho, reli iliyosukumwa na lipu. Dawa yake si kukata kioo kifupi zaidi, maana kitakuwa kinacheza juu na chini. Chonga sima nyuma ya reli, legeza skurubu ya katikati, weka vipande vya plastiki ngumu nyuma ya skurubu za juu na chini hadi reli inyooke, kisha kaza kila skurubu taratibu ukipima upana. Kioo kinatakiwa kuwa kifupi kuliko nafasi yake kwa milimita 2 hadi 3 jumla. Pungufu ya hapo kinabanwa, zaidi ya hapo kinachomoka.

Mkono unaofunga kisha unajifungua wenyewe ni jambo jepesi: kifungio cha mkono kimelika, au riveti yake imelegea. Badilisha mkono. Kuufunga kwa kamba kunazidisha kulegea.

Kioo kimepasuka

Usikitupe kabla hujakisoma.

Ufa unaoanzia kwenye kishikio, kwenye kona, na kwenda kwa mshazari: kimebanwa, au kona yake ilikuwa na jino lililomeguka wakati wa kukata. Pitisha ukucha ukingoni. Kingo ndefu za kioo cha luva zinatakiwa zisuguliwe kwa jiwe na maji hadi ziwe mviringo. Hilo linafanywa kwa ajili ya vidole vya mtu anayefuta dirisha, na kwa ajili ya kioo pia, kwa sababu kila jino dogo kwenye ukingo ni mlango wa ufa. Atelye inayouza vioo visivyosuguliwa inakuuzia ufa wa kesho.

Ufa wa kama nyota, mistari inayotoka sehemu moja: kimepigwa. Jiwe, mpira, ufagio. Fremu haina kosa.

Ufa unaokatiza katikati ya urefu, karibu wima: kioo ni kirefu mno kwa unene wake, au kinasokotwa kwa sababu upande mmoja unageuka na mwingine unakataa. Kwanza angalia reli bubu. Kisha pima unene. Kanuni yangu kwa vioo vya upana wa sentimita 15 ni hii: kioo cha milimita 4 nisizidishe urefu wa sentimita 50, cha milimita 5 sentimita 60, cha milimita 6 sentimita 75. Dirisha likiwa pana zaidi, naweka nguzo katikati na kutengeneza luva mbili. Wateja wananung'unika, wanasema nguzo inaharibu uzuri. Lakini kioo kina uzito: kila mita ya mraba, kilo mbili na nusu kwa kila milimita ya unene. Kioo kimoja cha 75 kwa 15, unene 6, kinakaribia kilo 1.7. Nane ni zaidi ya kilo 13 zinazobebwa na riveti ndogo kama punje za mahindi.

Sasa linalotuhusu sisi hasa. Nyufa za vioo kadhaa kwa wakati mmoja, pamoja na ufa ukutani kwenye kona ya dirisha, ni nyumba inayosogea. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi na mipasuko ikaonekana katikati ya mji. Nyumba zilizobaki zimesimama zilibaki na fremu zilizolala upande. Na hata bila tetemeko, nyumba nyingi zimejengwa juu ya lava, ile ya Januari 2002 au ya zamani zaidi, na mguu mmoja wa nyumba uko juu ya mwamba mgumu huku mwingine uko juu ya mawe yaliyojazwa. Upande wa kujazwa unashuka polepole. Bukavu wana la kwao, vilima vya udongo unaoteleza mvua ikizidi, na matokeo kwenye dirisha ni yaleyale.

Ukuta ukiwa bado unasogea, usiniite kubadilisha vioo. Piga mstari wa penseli kukatiza ufa wa ukuta, andika tarehe, pima upana wake, subiri miezi miwili au mitatu, pima tena. Ukiwa umepanuka, muite mwashi. Ukiwa umetulia, ndipo tunanyoosha fremu. Na tazama kama juu ya dirisha kuna lenta, boriti inayobeba ukuta. Nimekuta nyumba, tena za gharama, ambako mawe ya ukuta yamekalishwa moja kwa moja juu ya fremu ya luva. Fremu haikutengenezwa kubeba ukuta. Hapo hakuna kioo kitakachodumu, na mwenye nyumba anatakiwa aelezwe ukweli huo hata kama fundi aliyemjengea ni ndugu yake.

Nyumba za mbao zina ugonjwa wao: fremu ya mkaratusi mbichi. Unapigiliwa leo umenyooka, miezi mitatu umejisokota. Mbao ikaushwe kivulini, kwa vipande vya kutenganisha kati ya ubao na ubao, kabla reli haijagusa.

Maji yanaingia

Luva haizuii maji kama dirisha la kusukuma, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini dimbwi sakafuni si la kawaida.

Kwanza tazama vioo vimelala upande gani. Luva ikifunguka, ukingo wa nje uwe chini kuliko wa ndani. Ikifungwa, kioo cha juu kifunike cha chini kwa upande wa nje. Nimeona darasa zima ambalo reli zilifungwa kinyume, na kila mvua watoto walikuwa wanasogeza madawati. Kugeuza reli ilikuwa kazi ya siku mbili.

Kama vimelala vizuri, fanya jaribio la ndoo. Mtu mmoja akae ndani, mwingine nje na jagi la maji. Anzeni kumwaga kwenye kizingiti cha chini peke yake, dakika chache. Pakiwa pakavu ndani, pandeni kwenye kona za chini, kisha pembeni, kisha kwenye vioo, mwisho juu ya dirisha. Mkianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yalipoingilia.

Mara nyingi yanaingilia kizingitini. Kizingiti cha nje kikiwa bapa, au kimeinama kuelekea ndani, maji yanakaa na kutafuta njia. Kiinamishwe nje, angalau sentimita 1 kwa kila 10, na chini ya ukingo wake kuwe na mfereji mdogo ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Kuta za mawe ya lava zina matundu mengi; kiungo kati ya fremu na jiwe kijazwe sima kwanza, silikoni ije mwisho na iwe upande wa nje. Chagua silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa tindikali inapokauka, haishikani vizuri na sima na inakula bati.

Kutu, na reli zinazoota unga mweupe

Hapa Goma inatutesa kuliko miji mingi. Moshi wa volkano zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi zinazogeuka tindikali zikikutana na mvua. Kila mwenye mabati anajua yanavyotoboka kabla ya wakati, hasa upande wa Rusayo na Sake ambako upepo hupeleka moshi mara nyingi. Reli za bati lililopakwa zinki zinapata yaleyale: zinki inayeyuka kidogokidogo, unga mweupe unatokea, halafu wekundu wa kutu. Alumini inavumilia zaidi, na kwa nyumba za huko mimi sishauri bati hata kama ni rahisi.

Lakini alumini nayo ina maadui. Sima mbichi inaiunguza na kuacha madoa yasiyotoka. Funika reli kabla ya lipu, na tone likianguka lifute papo hapo. Skurubu ya chuma kwenye alumini yenye unyevu inakula alumini kuzunguka tundu lake, hadi reli inalegea bila sababu inayoonekana. Tumia skurubu zisizoshika kutu, au angalau weka kipande cha plastiki kati ya metali hizo mbili.

Fremu za kornieri (chuma cha pembe) na tibu (bomba) za chuma zipakwe antiruyi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili kabla hazijaingia ukutani, hadi upande utakaofichwa na sima. Tibu izibwe juu na itobolewe tundu dogo chini. Maji yaliyofungiwa ndani yanaoza chuma kutokea tumboni, na siku rangi inapovimba umeshachelewa.

Neno kwa wachomeleaji. Fremu iliyotoka atelye imejipinda haitanyooka ukutani. Shika kona zote nne kwa nukta kwanza, pima mshazari, kisha maliza kona moja na inayotazamana nayo kwa zamu, juu ya meza iliyonyooka. Usimwagie maji ili ipoe haraka. Umeme ukishuka, acha: chomeleo litakaa juu ya chuma kama ubani uliotafunwa, litapendeza baada ya kusagwa, na litaachia kwenye tetemeko la kwanza. Na chuma chenye zinki kichomelewe nje, penye upepo, maana moshi wake unaleta homa usiku.

Mengine kwa ufupi

Vioo vinagonga upepo ukivuma: ulimi haujakunjwa vizuri, au kioo ni chembamba kuliko kishikio. Ukanda mwembamba wa mpira ndani ya kishikio unamaliza.

Ukungu mweupe kwenye kioo kipya usiofutika kwa sabuni wala siki: shiti za vioo zililowa zikiwa zimebanana, njiani au stoo. Uso wa kioo umeshaliwa. Mrudishie muuzaji kabla hujakata. Kwa sisi wenye stoo, ni kuweka karatasi kati ya shiti na shiti, na kuzisimamisha mbali na ukuta wenye unyevu.

Mkono unagonga wavu au antivoli. Kioo cha sentimita 15 kikifunguka kinatoka sentimita 7.5 ndani na 7.5 nje. Chochote kinachofungwa mbele au nyuma kikae angalau sentimita 9 kutoka kwenye riveti, na upande wa mkono ongeza nafasi ya vidole. Na antivoli si pambo: ulimi wa kishikio unakunjuliwa kwa bisibisi, na mwizi mzoefu anavua vioo vinne bila sauti. Kwa duka linalotazama barabara, weka luva juu ya kimo cha mtu, na chini kioo kisichofunguka.

Nimebakiza dalili moja ambayo wateja hawaiiti tatizo, kwa sababu wao ndio walioiweka: plastiki iliyogongomelewa juu ya luva kwa ajili ya baridi. Naelewa, usiku wa Goma ni wa baridi. Lakini katika nyumba hizohizo nakuta mbabula (jiko) ya makala, yaani mkaa, imeingizwa ndani ili kupasha joto. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na nafasi ndogo zile za luva ndizo zilizokuwa zinaitoa nje. Nikikuta plastiki, nauliza kwanza wanapika wapi na wanalala wapi. Kisha nashughulikia kilichowafanya waiweke: reli bubu, vioo vyembamba, ukanda wa mpira uliokosekana, pazia zito. Mbabula itoke nje kabla ya kulala. Na mkikataa kutoa plastiki yote, safu mbili za juu ziachwe wazi, usiku huu huu, fremu tutainyoosha kesho.